Turbo kwenye 1HZ hapa Goma: usiitoe bado, na skrubu ya pompi usiiguse

Swali: "Mzee, niko Ndosho, Goma. Nina Land Cruiser hardtop yenye 1HZ, ile injini ya Toyota ya mazutu (dizeli) isiyo na turbo, niliinunua shirika moja lilipouza magari yake. Ikipanda kilima cha Kibumba na mzigo inalemewa kabisa. Nikapata turbo iliyotumika, kile kifaa kinachosukumia injini hewa kwa nguvu ya moshi wake, mchomeleaji akanitengenezea manifoldi, lile bomba linalokusanya moshi wa silinda zote, tukaifunga wenyewe nyumbani na rafiki yangu fundi. Tangu hapo sina raha. Gari likisimama dakika chache injini ikinguruma, linatoa moshi wa buluu. Bolti za manifoldi zimekatika mara mbili. Turbo inapiga filimbi lakini nguvu siioni. Na kila nikikamata kilima sindano ya joto inapanda. Fundi anasema tufungue skrubu ya pompi, ile inayosukuma mazutu kwenye injini, ili mazutu iongezeke. Mke wangu anasema nitoe kila kitu, gari lirudi lilivyokuwa. Nifuate nani?"

Ndugu yangu, kwa wiki hii usimfuate yeyote kati yao. Turbo usiitoe, skrubu usiiguse, na Kibumba usipande mpaka umalize kazi ya oili ninayoieleza hapa chini. Katika mambo manne uliyoyalalamikia, sioni hata moja linalonithibitishia kwamba turbo yenyewe imekufa. Moshi wa buluu unatoka kwenye njia ya oili au kwenye injini iliyochoka. Bolti zinakatwa na manifoldi. Nguvu inavujia kwenye mipira ya hewa. Joto lina sababu zake, nyingine zilikuwapo kabla hujafunga chochote. Ndivyo kazi hii inavyowachosha watu: mtu ananunua kitu kimoja kinachobebeka kwa mkono mmoja, kisha anagundua amejitwika njia nne nzima, ya oili, ya moshi, ya hewa na ya maji, na kila moja ina masharti yake.

Tuanze na kilima, maana hapo ndipo shida yako ilipoanzia. Goma iko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari. Pwani hewa ina presha ya karibu bar 1.01, hapa kwetu ni kama bar 0.85. Injini isiyo na turbo inavuta hewa kwa nguvu zake yenyewe tu, kwa hiyo 1HZ yako inakuwa imepoteza takriban asilimia 15 ya hewa yake kabla hujatoka hata Ndosho. Ukishika barabara ya Rutshuru, unapanda ubavuni mwa volkano ya Nyiragongo, na hewa inazidi kupungua. Pompi nayo, kama haina kile kifaa cha kupunguza mazutu kadiri unavyopanda, inaendelea kumwaga mazutu kana kwamba uko Mombasa. Mazutu ni nyingi, hewa ni chache: moshi mweusi, joto, na gari zito. Wengi mjini humu wanaliona jambo hilo kila siku na kudhani injini imekufa.

Kwa hiyo wazo lako la turbo lilikuwa sahihi, na ni la zamani sana. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza yake mwaka 1905. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss aliipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak, Colorado, kwenye mita zipatazo 4,300, aone kama turbo inaweza kuirudishia nguvu iliyonyang'anywa na mlima. Iliirudishia. Sisi tunaoishi chini ya volkano tunakihitaji kifaa hiki kuliko watu wa pwani.

Sasa angalia hesabu, maana wengi wanapotelea hapa. Ili 1HZ yako ipate hewa ile ile ambayo ingeipata Mombasa, unahitaji turbo isukume takriban bar 0.16 tu. Ukiipa bar 0.5, ndani ya injini kuna kama bar 1.35, tayari ni zaidi ya pwani kwa theluthi moja. Inatosha. Ukisoma mtandaoni utakutana na Waaustralia, ambao wamezifunga turbo nyingi kwenye 1HZ, wakizungumzia bar 0.7 na zaidi. Wengi wao wako karibu na bahari. Kusukuma bar 0.5 huko ni kuzidisha presha ya nje mara 1.5, kusukuma bar 0.5 hapa ni kuizidisha mara 1.6. Sindano ya presha inaonyesha namba ile ile, lakini turbo yako inazunguka kwa kasi zaidi na hewa inatoka ya moto zaidi. Kwa hiyo kila ushauri wa pwani uupunguze kidogo kabla ya kuuleta huku.

Na 1HZ haikuzaliwa na turbo. Ilitoka mwaka 1990 ikiwa na silinda sita, sentimita za ujazo 4,164, mazutu ikianza kuungua kwenye chumba kidogo ndani ya kichwa cha injini (kichwa hicho ndicho tunachokiita kilasi), na mbano, yaani jinsi hewa inavyobanwa ndani ya silinda, wa zaidi ya 22 kwa 1. Ndugu yake 1HD-T ina ujazo ule ule, lakini Toyota ilipoipa turbo ilishusha mbano hadi 18.6 kwa 1 na kuielekeza mazutu moja kwa moja juu ya pistoni. Tofauti hizo zina maana kubwa. Ukiipa 1HZ presha na mazutu bila kiasi, joto linarundikana kwenye kilasi, na nyufa huanzia kati ya valvu na kandokando ya vile vyumba vidogo. Injini nyingi za watu waliotaka zikimbie zimeishia hapo. Wewe unataka ipande mlima na mzigo, na hilo 1HZ inaliweza ikiwa na presha ndogo.

Tuje kwenye moshi wa buluu. Nitakaa hapa muda mrefu kwa sababu hapa ndipo turbo nyingi za mjini zinafia, na fundi anauza nyingine, nayo inakufa.

Ndani ya turbo kuna feni mbili kwenye mhimili mmoja: moja inasukumwa na moshi, nyingine inasukuma hewa. Mhimili huo unazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na umeshikiliwa na utando mwembamba wa oili tu ndani ya bushi. Oili inaingia kwa presha kupitia bomba jembamba, ikifanya kazi inageuka povu, kisha inatoka chini bila presha yoyote, kwa uzito wake tu. Na vizuizi vya oili pande mbili za mhimili ni pete za chuma, jamii ya ringi za pistoni. Hazizibi kama mpira. Zinategemea presha ya hewa na ya moshi kutoka nje, na zinategemea oili iwe inaondoka bila kukwama. Njia ya kutokea ikibanwa, oili inajaa ndani ya turbo na kutafuta mlango: inapenya upande wa moshi na upande wa hewa. Injini ikinguruma bila mzigo, presha ya kuizuia kwa nje haipo, ndiyo maana wewe unauona moshi gari likiwa limesimama.

Ingia chini ya gari uangalie bomba la kurudisha oili. Liwe pana, tundu la ndani lisipungue milimita 16, na 19 ni bora. Lishuke moja kwa moja, bila kulala na bila kupinda kuelekea juu hata kidogo. Mahali palipobonyea kama tumbo ni kosa tosha. Liingie kwenye karteri, lile bakuli la oili, juu ya usawa wa oili, lisizame ndani yake. Na turbo yenyewe iwe imekaa wima kiasi kwamba tundu la kutokea linatazama chini. Ikiwa limeelekea ubavuni, legeza bolti za sehemu ya kati uzungushe mpaka litazame ardhi. Nimeona mabomba ya kurudisha oili yaliyotengenezwa kwa mpira wa mazutu wenye tundu la kidole kidogo. Hilo likiwa lako, umeshapata nusu ya jibu.

Kama mlitoboa karteri ikiwa bado imefungwa kwenye gari, ifungue. Najua ni kazi ya kukera, na karteri ya gari hili haitoki kirahisi juu ya ekseli ya mbele. Ifungue tu. Vipande vya chuma vilivyodondokea ndani vinavutwa na pampu ya oili, na kama mlifunga bila kuosha, chujio halijui kila njia vinakopitia.

Kisha tazama bomba la kuleta oili. Swali la kwanza: mlitumia silikoni au ule utepe mweupe wa mafundi bomba kwenye nyuzi zake? Kama ndiyo, fungua leo hii. Kipande kidogo kinachomeguka kinatosha kuziba tundu la kuingilia, na turbo isiyopata oili haisubiri. Swali la pili ni la nyuzi. Tundu la kupimia presha ya oili kwenye magari ya Toyota kwa kawaida lina nyuzi za 1/8 BSPT, nyuzi 28 kwa inchi. Viungio vingi vinavyouzwa pamoja na vifaa vya turbo ni 1/8 NPT, nyuzi 27 kwa inchi. Kwa macho ni mapacha. Kinaingia mizunguko miwili, kinakaza, fundi anasema kimefika, na baada ya muda kinavuja au kinapasua tundu lenyewe. Chukua kile kihisi cha zamani uende nacho Birere dukani, upime nyuzi kwa nyuzi. Usikubali neno "itaingia tu".

Kabla ya kuwasha tena, chomoa waya wa pompi unaokata mazutu, kisha zungusha starta kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Baada ya hapo rudisha waya uwashe, uiache inguruma taratibu bila kuikanyaga. Sekunde za kwanza bila oili zinakwangua bushi kuliko miezi ya barabara.

Yote hayo yakiwa sawa na moshi wa buluu ukabaki, basi huenda injini ndiyo inayosema. Ringi za pistoni zilizochoka zinaruhusu presha ya silinda kushuka kwenye karteri, na presha hiyo inaisukuma oili ya turbo irudi ilikotoka. Turbo inalaumiwa, injini ndiyo mgonjwa. Jaribio la kwanza ni la bure: injini ikiwa ya moto na inanguruma, fungua kifuniko cha kujazia oili, kigeuze, kiweke juu ya tundu bila kukifunga. Kikitikisika kidogo, ni kawaida. Kikirushwa, mwite mtu mwenye kipimo cha mbano cha injini za mazutu apime silinda zote sita kupitia matundu ya plagi za kupashia moto. Usitazame namba ya silinda moja. Tazama kama kuna moja au mbili zilizoachwa mbali na wenzake. Magari ya mashirika yanatunzwa, lakini yanazunguka kilomita nyingi sana kabla ya kuuzwa. Kipimo hiki kilipaswa kufanyika kabla ya turbo kununuliwa, na kwa anayesoma hapa akiwa bado hajaanza, kianze hicho.

Bolti za manifoldi. Mchomeleaji wako huenda ni mzuri sana kwa milango na mageti, na manifoldi yake ikaonekana imenyooka siku alipokukabidhi. Tatizo ni urefu. Chuma cha sentimita 65 kikipata joto la digrii 500 zaidi kinarefuka karibu milimita 4. Kilasi, kinachopozwa na maji, hakirefuki hata milimita moja. Kwa hiyo kila ukipanda kilima manifoldi inavuta bolti za pembeni kuelekea nje, ukizima inazirudisha, na baada ya siku chache zinakatika. Kuweka bolti ngumu zaidi hakusaidii. Kinachosaidia ni hiki: bamba la kukaa kwenye kilasi liwe nene, milimita 12 si nyingi, likatwe katikati ya silinda na silinda ili kila kipande kitanuke peke yake, matundu ya bolti za pembeni yapanuliwe kidogo kuelekea nje, na baada ya kuchomelea lisuguliwe mashineni mpaka liwe tambarare kabisa. Gasketi iwe ya chuma. Ile ya karatasi nyeusi inaungua, na silikoni upande wa moshi ni kupoteza pesa.

Halafu uzito. Turbo na bomba lake vinaning'inia kwenye manifoldi, injini inatikisika, na barabara zetu za mawe ya volkano mnazijua. Weka mkono wa chuma unaobeba turbo kutoka kwenye bloku ya injini, na kwenye bomba linaloshuka kwenda ekzosi weka kile kipande kinachonesanesa, ili mtikisiko usifike kwenye turbo. Bomba hilo liwe na upana wa inchi mbili na nusu hadi tatu. Moshi usipopata njia, turbo inachelewa kuamka na joto linabaki kwenye kilasi.

Kama unaweza kupata manifoldi ya chuma cha kumwagwa, iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi hii, nunua hiyo usahau kuchomelea. Ulizia Gatsata kule Kigali, au mtu anayekwenda soko la Kisekka, Kampala. Ni ghali kuliko ya mchomeleaji, lakini kilasi ya 1HZ ni ghali kuliko zote mbili.

Filimbi bila nguvu maana yake, mara nyingi, hewa inasukumwa lakini haifiki. Huhitaji mashine kulijua hilo. Chukua kipande cha bomba la plastiki kinachoingia kwenye mdomo wa turbo, kizibe upande mmoja, ukichomeke valvu ya tairi, ufunge vizuri, kisha mwombe mziba matairi aingize hewa polepole hadi bar 0.5 na asizidishe. Paka povu la sabuni kwenye kila mpira na kila kiungo hadi kwenye injini. Utaona mapovu mahali ambapo sikio halikusikia kitu. Mipira ya maji ya radiata haifai kubeba hewa ya turbo. Inavimba, inalainika kwa oili, inachomoka mlimani. Tumia ya silikoni yenye nyuzi ndani, na mikanda ya chuma mipana. Ukiwa hapo angalia pia kile kimlango cha turbo kinachopitisha moshi pembeni presha ikifika kikomo. Kikiwa kimeganda wazi kwa kutu, feni inazunguka, filimbi inasikika, na kazi haifanyiki.

Upande wa nyuma, kati ya chujio la hewa na turbo, uvujaji ni hatari ya aina nyingine. Vumbi letu linatoka kwenye lava iliyosagwa na matairi, na ni kali kama msasa. Feni ya aluminiamu inayozunguka kwa kasi ile inaliwa ncha zake na vumbi hilo, na kinachopita kinakwenda kusugua silinda. Kwa hiyo tumia chujio la asili ndani ya boksi lake, likivuta hewa kutoka nje ya boneti. Yale machujio ya umbo la koni yanayowekwa wazi juu ya injini yanapendeza, lakini yanavuta hewa ya moto, na kwa vumbi la Goma siyaamini hata kidogo.

Joto sasa. Kwa mita 1,500, maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi, si 100. Kinachoyazuia yasichemke mapema ndani ya radiata ni kifuniko chenye springi, ambacho wengi hawajawahi kukibadilisha. Kifuniko kikilegea, gari linachemka kabla sindano haijafika hata kwenye nyekundu. Nunua kipya chenye kipimo kilichoandikwa kwenye kile cha asili. Ndicho kipuri cha bei ndogo kuliko vyote nilivyotaja. Angalia pia feni: ile ya 1HZ ina kiunganishi chenye mafuta ndani, kikichoka feni inazunguka kivivu hata injini ikiwa ya moto. Na kama kuna fundi aliyekutolea termostati, ile valvu ya maji inayofunguka kwa joto, akisema "hapa Afrika haihitajiki", irudishe. Katika injini nyingi za Toyota ndiyo inayoziba njia fupi ya maji injini ikipata moto. Bila hiyo, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye radiata, na mlima ndipo mahali pa kulipia deni hilo.

Maji yenyewe pia. Maji ya Ziwa Kivu yana chumvichumvi na magadi, yanaacha ukoko ndani ya mirija ya radiata. Maji ya mvua yanayopita kwenye moshi wa Nyiragongo yana asidi. Weka kipoza-injini halali kilichochanganywa na maji yaliyosafishwa, baada ya kusukutua mfumo wote. Wakati unafanya hivyo, washa injini kifuniko cha radiata kikiwa wazi, ikiwa bado baridi, uangalie kama kuna mapovu yanayokuja bila kukoma. Ukiyaona, nitakwambia la kufanya mwishoni.

Sasa skrubu ya pompi. Rafiki yako hajakosea kabisa: kwenye injini ya mazutu nguvu inatoka kwenye mazutu, na turbo bila mazutu ya ziada haitoi yote iliyo nayo. Lakini kumbuka hesabu ya mlima. Kama pompi yako haina kifaa cha mwinuko, tayari inamwaga mazutu kuliko hewa ya Goma inavyoweza kuichoma. Ukiziba mivujo, bar 0.3 au 0.4 za kwanza zitaichoma mazutu hiyo hiyo inayotoka sasa kama moshi mweusi. Utapata nguvu, moshi utapungua na joto litashuka, bila kugusa pompi. Liendeshe gari hivyo kwanza. Mafundi wengi hufungua skrubu mpaka moshi mweusi utoke ndipo wanaridhika, na moshi ule ni mazutu isiyopata hewa na kilasi inayopikwa.

Kama baadaye bado unataka kidogo zaidi, kwanza funga piromita, kipimo cha joto la moshi, na kihisi chake kikae kwenye manifoldi kabla ya turbo, siyo baada yake, maana baada ya turbo moshi umeshapoa na namba inakudanganya kwa zaidi ya digrii 100. Toboa tundu hilo manifoldi ikiwa mezani, turbo haipo. Kwa mwendo mrefu mlimani usivuke digrii 650. Ikifika 700, toa mguu na ushushe gia. Mwenye pompi afanye marekebisho madogo madogo huku mkitazama kipimo. Bila piromita, jibu langu kuhusu skrubu ni hapana, na sitalibadilisha. Jua pia kwamba nguvu ikiongezeka klachi ya zamani inaweza kuanza kuteleza. Ikiteleza, ni klachi. Usirudi kwenye pompi.

Oili iwe ya injini za mazutu, 15W-40 ya daraja la CI-4, kutoka kopo lililofungwa. Oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa usiipe turbo. Badilisha kila kilomita 5,000, au mapema zaidi kama gari linafanya kazi ya mzigo. Na ukifika juu Kibumba usizime papo hapo. Iache inguruma dakika moja au mbili, kwa sababu ukizima turbo ikiwa nyekundu, oili iliyobaki ndani inaungua na kuwa makaa kwenye bushi. Mazutu ya mabidoni ichujwe, na maji yaliyotuama chini ya chujio yamwagwe kila wiki.

Na turbo yenyewe, kwa kuwa ulinunua iliyotumika: ukiwa umeifungua kwa ajili ya manifoldi, shika ncha ya mhimili. Kucheza kidogo kushoto na kulia ni kawaida, kwa sababu bushi hazina oili. Kwenda mbele na nyuma kusiwepo kwa namna ya kuhisiwa na kidole. Tazama kama ncha za feni zimegusa ukuta, kama kuna meno yaliyolika, na kama upande wa moshi una ufa karibu na kile kimlango. Ukiona lolote kati ya hayo, tafuta sehemu ya kati nzima iliyokwisha kusawazishwa mashineni. Usinunue pakiti ya bushi na ringi ili kutengenezea chini ya mwembe.

Kuhusu mama wa nyumbani kwako, ana haki katika hali mbili. Ya kwanza ni kipimo cha mbano kikionyesha silinda zimeachana sana, au kifuniko cha oili kinarushwa. Ya pili ni yale mapovu kwenye radiata, yanayomaanisha gesi ya silinda inapenya kwenye maji, kupitia gasketi ya kilasi au ufa. Hapo toa turbo bila kubishana, pesa iliyobaki iende kwenye injini, na turbo ifungiwe kwenye mfuko safi, matundu yake yote yakiwa yamezibwa, mpaka injini ipone. Unapoitoa, tundu la oili kwenye bloku lizibwe kwa plagi ya chuma yenye nyuzi zile zile za 1/8 BSPT, na lile la karteri kwa plagi na washa ya shaba; usikunje bomba na kulifunga kwa waya kama wanavyofanya wengine, maana hilo likifumka njiani Rutshuru oili yote inaishia barabarani. Rudisha manifoldi ya asili na gasketi mpya, washa, na uache injini ipate moto kamili ukiwa umesimama karibu na tochi mkononi, ukitazama viungo vyote viwili kabla hujalitoa gari kwenye geti.